Mwenye nguvu aliyepunguza mwendo



Waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Ni methali ya barabarani, haina hila: msafara wa mkubwa ukipita, wewe wa baiskeli unaingia majanini. Tumeizoea kiasi kwamba tumeingia nayo hata kanisani. Tunapomwita Mungu Mwenyezi, wengi wetu tunamwona akilini mkubwa ambaye kila kitu kinampisha: bahari inampisha, majeshi yanampisha, magonjwa yanampisha. Basi ugonjwa uliomo nyumbani kwako usipompisha, unaanza kujiuliza kama kweli ana nguvu, au kama nguvu zake ni kwa ajili ya nyumba za wengine.

Naliandika hili nikijua kwamba wapo wanaousoma ukurasa huu asubuhi hii wakiwa hawajaenda Misa, wala hawatakwenda. Si uvivu. Kuna mtu kitandani ambaye hawezi kuachwa peke yake.

Kama Biblia iko karibu, fungua Isaya sura ya 40, mstari wa 10 na wa 11. Ni maneno tunayoyasikia Dominika ya pili ya Majilio, Mwaka B. Wayahudi wako uhamishoni Babeli. Yerusalemu imebomolewa, hekalu limechomwa, na watu wamekaa ugenini muda wa kutosha kuzaa watoto wasioijua nchi yao. Kwa watu wa namna hiyo nabii anatangaza kwamba Mungu anakuja, anakuja na nguvu, na mkono wake ndio unaotawala. Katika lugha ya Agano la Kale mkono ni vita na ushindi; ni ule ulionyoshwa juu ya Misri. Msikilizaji aliyefika hapo bila shaka alijiweka tayari kusikia jinsi Babeli itakavyopigwa.

Mstari unaofuata unamletea mchungaji. Mungu huyo anakusanya wana-kondoo, anawabeba kifuani, na majike wanaonyonyesha anawaongoza taratibu. Seminarini tulisumbuliwa sana na Kiebrania, na wengi wetu tulinung'unika, lakini mahali kama hapa unaona faida yake: neno lenye maana ya mkono katika mstari wa 10, zeroa, ndilo hilo hilo linalorudi katika mstari wa 11. Mkono unaotawala na mkono unaomwokota kondoo mchanga ni mmoja. Nabii hamgawi Mungu kuwa na mkono wa kuume wa nguvu na wa kushoto wa huruma, kwamba akichoka na huu anatumia ule. Ukitaka kuona jinsi mkono ule ulivyo na nguvu, mtazame kondoo aliyelala ndani yake.

Wanaofuga wataelewa haraka kuliko sisi tuliosoma vitabuni. Kondoo aliyezaa juzi hawezi mwendo wa dume. Ukimlazimisha, utampoteza yeye na mtoto wake. Yakobo alilijua hilo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, amekwisha kupatana na kaka yake Esau, na Esau anataka waondoke pamoja. Esau ana watu 400 nyuma yake, anakwenda mwendo wa wanaume. Yakobo anamwomba atangulie. Anamweleza kwamba watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha, na wakiswagwa siku moja tu kundi zima litakufa. Yeye atafuata polepole kadiri wao wanavyoweza. Najua Yakobo alikuwa pia anamkwepa kaka yake. Yakobo ni Yakobo. Lakini sababu aliyoitoa ni ya kweli, na mfugaji yeyote wa Longido au Kongwa ataitetea.

Mungu wa Isaya anasafiri hivyo. Uwezo wa kwenda mwendo wa Esau anao, na kuuzidi. Hata hivyo mwendo wa msafara wake unapangwa na yule aliye dhaifu kuliko wote.

Kanisa limeligeuza jambo hili kuwa sala. Dominika ya 26 ya Mwaka, katika sala ya mwanzo, tunamkiri Mungu kwamba uwezo wake anaudhihirisha zaidi ya yote anaposamehe na kuhurumia. Wengi tunaitika Amina bila kuona tumesema nini. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mtu wa hoja kavu, aliliona. Katika karne ya 13 alieleza kwamba kumhurumia mwingine ni kumpa ulichonacho na kuuziba upungufu wake, na hiyo ni kazi ya aliyemzidi. Maskini wawili wanaweza kulia pamoja. Anayeweza kulipa deni ni yule mwenye nacho. Ndiyo sababu huruma ni sifa ya Mungu hasa. Hachukuliani na udhaifu wetu kwa kuwa hana la kufanya. Anauchukua kwa kuwa ana uwezo wa kuubeba.

Sasa nenda kwa Yairo, Marko sura ya 5. Binti wa miaka 12 amekufa, nyumba imejaa vilio. Yesu anawatoa watu nje, anabaki na wazazi na wanafunzi watatu. Anamshika mtoto mkono, anamwambia maneno mawili ya Kiaramu ambayo Marko ameyahifadhi yalivyotamkwa, na mtoto anasimama, anatembea. Mauti yamepisha. Ingekuwa siku zetu hizi, hapo kipaza sauti kingepitishwa, mama angeitwa mbele kutoa ushuhuda, na picha zingekuwa kwenye simu za nchi nzima kabla ya jua kuzama.

Yesu anatoa maagizo mawili. La kwanza, jambo hili lisitangazwe. La pili, mtoto apewe chakula.

Nimelisoma Injili hilo miaka mingi altareni, na agizo la pili bado linanishika. Mle chumbani kila mtu ameduwaa. Wazazi wameduwaa, Petro ameduwaa. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka kwamba msichana aliyeugua mpaka akafa lazima ana njaa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Yule aliyetoka sasa hivi kuyashinda mauti ndiye huyo huyo anayewaza uji, wala haoni kwamba ameshuka cheo.

Hapa lazima niseme neno ambalo halitawapendeza wote. Zipo ibada ambamo mgonjwa asipoinuka kwenye kiti chake anaambiwa imani yake ni ndogo. Anarudi nyumbani na magonjwa mawili, lile alilokwenda nalo na aibu. Wengine wameacha vidonge vya kisukari au vya presha ili waonyeshe imani, na tumewazika. Sisemi kwamba Mungu haponyi kwa muujiza. Anaponya, na Kanisa linachunguza na kuthibitisha miujiza hadi leo. Ila tafuta katika Injili zote nne mgonjwa mmoja tu aliyemjia Yesu akarudishwa na ugonjwa wake kwa sababu imani yake haikutosha. Baba wa yule kijana mwenye kifafa, Marko sura ya 9, alikiri kwa kinywa chake kwamba imani yake imechanganyika na kutokuamini. Mtoto wake aliponywa. Nguvu inayomwaibisha mgonjwa mbele ya umati haikutoka kwa mchungaji wa Isaya, hata ikitaja jina lake kila dakika.

Lipo potofu la pili, na hili liko upande wetu, sisi tunaopenda kuhubiri upole. Ni kuwahubiria upole wanaoumizwa. Mwanamke anapigwa na mumewe, anakimbilia kwa wazee au kwa viongozi wa jumuiya, anaambiwa avumilie, Mungu ni mpole, naye awe mpole, arudi. Tafadhali soma Ezekieli sura ya 34. Ni sura ya mchungaji mwema katika Agano la Kale, ile ile ambamo Mungu anaahidi kumtafuta aliyepotea na kumfunga aliyevunjika. Ndani yake Mungu anasema pia kwamba atahukumu kati ya kondoo na kondoo, kati ya aliyenenepa na aliyekonda, kwa sababu walionenepa wanawasukuma dhaifu kwa ubavu na bega na kuwapiga kwa pembe mpaka wakatawanyika. Mchungaji hamwambii kondoo aliyekonda ajifunze kupenda pembe. Anaingia katikati. Mama, au binti, kama hayo ndiyo yanayokupata, mwelekeo wa upole wa Mungu ni kwako, na ukali wake ni kwa anayekupiga. Nenda kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Paroko anayestahili jina lake atakutafutia mtu wa kukusindikiza.

Turudi kwa nguvu zinazobeba, maana ninaye mtu wa kukuonyesha.

Camillus de Lellis alizaliwa mwaka 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, Italia. Baba yake alikuwa askari, naye akawa askari, akapigana upande wa Venice dhidi ya Waturuki. Alikuwa jitu la mtu, urefu wake ukikaribia mita mbili, na hasira zake zilikuwa za saizi hiyo. Kilichomwangusha ni kamari. Ilimlia fedha, silaha na nguo, mpaka akaishia kufanya kibarua cha ujenzi kwa Wakapuchini, Manfredonia. Na mguuni alikuwa na kidonda. Waliokuwa na wagonjwa wa vidonda vya mguu wanajua harufu yake na jinsi kinavyomchosha mtu. Kidonda cha Camillus hakikupona hadi siku aliyokufa.

Kidonda hicho ndicho kilichompeleka Roma, hospitali ya San Giacomo iliyowapokea wale walioonekana hawaponi. Mara ya kwanza alitibiwa na kufanya kazi humo, kisha akafukuzwa kwa ugomvi na kamari. Mwaka 1575 aliongoka. Alitaka kuwa Mkapuchini, kidonda kikamzuia. Akarudi San Giacomo, safari hii akiwa mtu mwingine, na baada ya muda akawa msimamizi wake. Alichokiona pale kilimkosesha usingizi. Watumishi wa kulipwa waliwaacha wagonjwa katika uchafu, waliwapa chakula kwa kuwasukumia, waliwageuza kama magunia. Camillus akawaza kuwapata watu watakaofanya kazi hiyo kwa upendo. Alipewa upadre mwaka 1584, na mwaka 1586 Papa Sixtus V aliikubali jumuiya yake na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Hiyo ni karibu miaka 280 kabla ya Shirika la Msalaba Mwekundu kuanzishwa Geneva.

Desemba 1598 Mto Tiber ulifurika. Hospitali ya Santo Spirito iko kando ya mto huo, na maji yaliingia wodini. Camillus alikuwa na miaka 48, na mguu wenye kidonda. Yeye na ndugu zake waliwabeba wagonjwa mabegani, mmoja baada ya mwingine, wakawapandisha juu mahali pakavu. Mchoraji Mfaransa Pierre Subleyras aliuchora usiku huo mwaka 1746, mwaka Camillus alipotangazwa mtakatifu. Ukiiona picha hiyo utaona bega pana la mwanajeshi, na juu yake mzee aliyemkumbatia shingoni kama mtoto.

Mwili ulikuwa ule ule uliofunzwa vita. Mungu hakumpokonya Camillus nguvu zake ili amfanye mpole, alizipa kitu cha kubeba. Tangu 1886 ni msimamizi wa wagonjwa na hospitali, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, na tangu 1930 wa wauguzi. Wanashirika wake, Wakamiliani, wako hata huku kwetu. Pale Karungu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wana hospitali yenye jina lake iliyowapokea wenye Ukimwi wengi na yatima wao, miaka ile ambayo watu waliogopa hata kuwashika mkono.

Nimemchagua Camillus kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa mwanamume, tena wa misuli. Tazama majumbani mwetu. Baba akipata kiharusi, anauguzwa na mama. Mama akipata kiharusi, anauguzwa na binti, na kama binti yuko mbali, anarudishwa kutoka kazini kwake au shuleni. Wavulana wenye mabega wako kijiweni. Kumgeuza mtu mzima asiyeweza kujigeuza, usiku na mchana, kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda mgongoni, ni kazi ya nguvu hasa. Kumwinua hadi kwenye beseni, kumwogesha, kumbadilisha nguo, kumrudisha kitandani bila kumuumiza: niambie ni kazi gani ya kiwandani inayoizidi. Tumeiita kazi ya wanawake, kisha tunajiuliza kwa nini akina mama wetu wanalalamika viuno.

Wao wenyewe wanaowauguza wenzao huwa na swali lao, na hulisema kwa sauti ya chini, mara nyingi kwenye kitubio kana kwamba ni dhambi. Wamechoka. Kuna siku wanamwomba Mungu aimalize safari ya mgonjwa, kisha wanajichukia kwa kuomba hivyo. Miaka minne, miaka saba, na hakuna muujiza. Tunawapa jibu tulilolizoea: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Naomba tuache kulisema hivyo. Mahali panapotajwa kuwa chimbuko lake, Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 10:13, Paulo anazungumza juu ya majaribu, na hamwambii mtu mmoja. Anasema na jumuiya nzima. Kiswahili chetu kinalionyesha vizuri kuliko lugha nyingine, ni "ninyi" na si "wewe". Sasa tumelichukua neno lililoandikwa kwa watu wengi tukamtwika mama mmoja kwenye chumba kimoja, kisha tukampongeza kwa uvumilivu.

Nimeona jinsi tunavyotembelea wagonjwa. Jumuiya inafika watu 15. Mama mwenye mgonjwa amekwisha kuhangaika tangu asubuhi kuazima viti kwa jirani. Tunasali Rozari, tunaimba, mmoja anatoa neno refu, mgonjwa amelala anatazama dari. Kisha inaletwa chai, na chapati, na yule mama ndiye anayezunguka na birika. Tunamwachia bahasha, nayo ni jambo jema, tunaondoka. Amebaki na vyombo vya watu 15 na mgonjwa anayehitaji kugeuzwa.

Sali Rozari, ndiyo. Lakini wawili kati ya hao 15 wangeweza kuuliza mgonjwa anageuzwaje na kujifunza. Mwingine angeweza kukaa naye Dominika moja kwa mwezi ili mama aende Misa, au abaki nyumbani alale tu. Kulala nako ni chakula cha Mungu. Eliya alipokata tamaa chini ya mti jangwani, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha akampa tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kumzidi nguvu. Huyo ndiye Eliya aliyeshusha moto Karmeli siku chache nyuma. Sauti ya Horebu ilikuja baadaye, tumbo likiwa na kitu.

Kwa hiyo wewe uliyebaki nyumbani leo, usidhani umeikosa nguvu ya Mungu kwa kuwa hukuwapo ilipoimbwa. Beseni hilo la maji ya uvuguvugu, na namna unavyokiweka kichwa chake kwenye mkono wako wa kushoto ili asipaliwe na uji, nabii wa Babeli angekutambua ukifanya hivyo.

Ila usikae kimya. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya yako kwamba nyumbani kuna mgonjwa asiyefika kanisani, na mtaje kwa jina. Ekaristi huletwa nyumbani, kwake na kwako pia kama umeshindwa kutoka. Mpako wa wagonjwa nao usiuogope. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umeeleza wazi kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika dakika ya mwisho. Mzee aliyelemewa na umri anaupokea, na mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaupokea, tena ni vizuri aupokee akiwa na akili zake, aweze kuitika mwenyewe. Msisubiri mpaka awe hasikii ndipo mnampigia padre simu usiku wa manane. Tuite mapema.

Na siku tutakapokuja, tafadhali, usipike chai.